Nduwa ya Kioo

Katika darasa la kipaimara nilimuuliza mchungaji swali ambalo mpaka leo halijajibiwa: gharika ya Nuhu iliua samaki gani? Kama mvua ilinyesha mpaka milima ikafunikwa, basi maji baridi yalimwagikia baharini na samaki wa chumvi wakafa. Kama ni bahari iliyopanda, wakafa wa mtoni. Haiwezekani wote wawe walipona. Mchungaji alinitazama, akawatazama wenzangu waliokuwa wameanza kucheka, akasema, "Wewe binti, kariri." Nikakariri, nikabarikiwa, swali nikaondoka nalo.

Lilinirudia nikiwa mtu mzima, siku Shangazi aliposhuka kwenye basi la Tanga na sanduku kubwa la nguo mkono mmoja, na mkono mwingine ndoo nyeupe yenye mfuniko. Ndani ya ndoo kulikuwa na samaki.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Alifundisha shule ya msingi Tanga tangu kabla sijazaliwa. Alipostaafu, goti la Bibi, mama yake, lilikuwa limeanza ukaidi, hivyo ukoo ukakaa na kuamua kwamba Shangazi arudi nyumbani Kirua Vunjo, Kilimanjaro, akae naye. Nasema ukoo uliamua. Shangazi mwenyewe alipashwa habari. Mimi nilikuwepo tayari nyumbani kwa Bibi na shahada yangu ya uchumi, nikisubiri kazi, nikikamua ng'ombe, na kumuuliza Bibi maswali mpaka akaanza kujifanya hasikii.

Samaki alikuwa mdogo kuliko kiganja, rangi ya chungwa, na mistari mitatu myeupe mwilini kama mtu aliyefungwa bandeji na daktari asiye na haraka. Shangazi alimwita Mpangaji, kwa sababu alikula, alilala, na hakuna alilochangia nyumbani. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi. Alipoingia chumbani kwake, Shangazi alilipandisha sanduku juu ya kabati bila kulifungua. Asubuhi alilishusha, akatoa gauni, akalifunga, akalirudisha juu. Kesho yake vivyo hivyo. Bibi aliliona, nami niliona kwamba ameliona.

"Kabati liko tupu," Bibi akasema jioni moja wakati wa chai.

"Najua, mama."

"Panya hamna."

"Najua, mama. Subiri kwanza tuone kama huyu ataweza kuishi huku." Akaelekeza kikombe kwenye ndoo. "Hajawahi kuona baridi. Hajawahi kuishi mbali na bahari, na mimi vilevile. Akiweza, nitaweza. Akifa, narudi Tanga, na ukoo ukae tena."

Alisema akicheka, lakini hakumaliza kicheko chake. Bibi alipuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

Tanga, kumtunza Mpangaji hakukuwa na kazi. Maji yakichafuka, Shangazi alimwaga ndoo moja, akatembea kidogo, akachota bahari nyingine. Kwetu ukitoka nje unachota ukungu. Jirani yake wa Tanga akamtumia madumu mawili ya maji ya bahari kwa basi, nikatumwa Kiboriloni kuyapokea.

"Nini hiki?" kondakta akauliza, akilitikisa dumu.

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya bahari."

Akaliweka chini taratibu. Akaugeukia mlima, umekaa pale na theluji yake, akanigeukia mimi. "Dada, yaani ninyi wa mlimani mmeishiwa maji mpaka mnaagiza Tanga?"

"Mwache," akasema mama mmoja aliyekuwa akipanga ndizi zake pembeni. "Hiyo ni dawa."

"Si dawa," nikasema.

"Umeona? Ni dawa."

Nilipanda nayo nyumbani huku nikijua kwamba jambo hili haliwezi kuendelea. Mtu mwenye shahada ya uchumi hawezi kusafirisha maji kuyapeleka Kilimanjaro. Nikaingia mtandaoni, nikakuta kwamba duniani kuna watu wengi wanaofuga samaki wa chumvi mbali na bahari, na kwamba kila mmoja anaamini wengine wote wanakosea. Nikajisikia niko kwenye kikao cha ukoo. Lakini karibu wote walikubaliana juu ya kitu kimoja wanachokiita sampu: tanki la pili, linalokaa chini ya lile la samaki, ndani ya kabati, lisionekane.

Wazo lenyewe ni rahisi. Tanki la juu likijaa mpaka shingoni, maji ya ziada yanaingia kwenye bomba na kushuka kwenye sampu. Huko chini yanapita vyumba vitatu. Cha kwanza kina soksi inayokamata uchafu. Cha pili kina mawe na mwani, vinavyokula ule uchafu usioonekana. Cha tatu kina pampu, ambayo inayasukuma yale maji kurudi juu. Maji yale yale yanazunguka yakioshwa, na bahari inabaki kwao.

Nilichora nyuma ya kalenda ya usharika ya mwaka uliopita. Kwa nini vyumba vitatu, si viwili? Nikajaribu viwili, mapovu yangeingia kwenye pampu. Kwa nini ukuta mmoja usifike chini? Ili maji yapite chini yake na mapovu yabaki juu. Kwa nini soksi ya kununua wakati zipo za shule? Hapo nilishinda: Mpangaji alichujiwa maji kwa soksi yangu nyeupe ya sekondari, na sijaona ubaya.

Kioo kilikatwa Kiboriloni na fundi anayetengeneza yale masanduku ya kuuzia chipsi na maandazi. Aliishika kalenda yangu, akaizungusha, akaizungusha tena.

"Hizi rafu," akasema, "umezichora zimesimama. Andazi litakaaje?"

"Si la maandazi. Ni la maji."

"Maji ya kuuza?"

"Ya samaki."

"Samaki wa kukaanga?"

"Wa kuangalia."

Akavuta stuli akakaa. Nikamweleza mpango wote, bomba kwa bomba. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaweka kidole kwenye ukuta wa kati. "Hapa umekosea kipimo. Kioo hiki hakifiki chini."

"Kisifike."

"Kitaning'inia."

"Kining'inie. Kipake silikoni pembeni tu."

"Dada, hiyo ni kazi mbovu."

"Fanya kazi mbovu."

Aliifanya vizuri sana, kwa uso wa mtu anayemzika jirani. Alipolifunga sanduku kwa mablanketi ili nilipandishe nyumbani, akaniomba jambo moja: watu wakiuliza nani kalitengeneza, nisimtaje. Ndiyo maana simtaji.

Tulivipanga sebuleni, tanki la samaki, la fundi huyo huyo, juu ya kabati la sebuleni, sampu ndani ya kabati hilo, hita ndani ya tanki kwa ajili ya baridi yetu ya Julai. Kwa kuwa madumu ya Tanga yasingeweza kujaza matanki yote mawili, Shangazi aliagiza chumvi ya akwariamu, ile ya kufugia samaki wa baharini, tukaikoroga na maji ya mvua kwa mwiko wa kusongea ugali. Dumu moja la Tanga lilibaki kwenye kona kama akiba. Kabla ya kumwingiza Mpangaji nililazimisha mtihani mmoja, kwa sababu mtandaoni nilikuwa nimesoma visa vya watu walioamka na kukuta zulia linaelea. Nikazima swichi ukutani.

Pampu ikanyamaza. Na kama nilivyotarajia, maji ya juu yakaendelea kushuka kidogo kidogo, na yale yaliyokuwa kwenye bomba yakarudi nayo. Ndani ya sampu yakapanda, yakapanda, yakafika karibu na ukingo. Yakasimama. Nilikuwa nimeacha nafasi hiyo makusudi. Sampu inayofanya kazi lazima ibaki na nafasi tupu, ili umeme ukikatika iwe na mahali pa kupokea maji yanayorudi. Na kwetu umeme hauulizi kama umejiandaa.

Nikawasha tena, maji yakapanda juu. Bibi, aliyekuwa ameegemea mlango na fimbo yake, akasogea, akafungua kabati, akainama kadiri goti lilivyomruhusu.

"Kumbe ni nduwa," akasema.

Nduwa, kwa asiye wa kwetu, ni bwawa dogo linalochimbwa kando ya mfongo, yaani mfereji unaoleta maji kutoka juu mlimani. Maji ya mfongo yanakwenda kwa zamu. Zamu yako ikifika, unayakusanya kwenye nduwa, kisha unayafungulia kwenda shambani. Bibi alikulia kwenye zamu hizo.

Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya mahafali. "Ndiyo, Bibi! Hasa! Ni nduwa."

"Lakini mbona haijajaa?"

"Haitakiwi kujaa. Ni kwa ajili ya umeme ukikatika."

Bibi akatikisa kichwa kukubali, namna anavyokubali kanisani matangazo yanapokuwa marefu. Nikadhani tumeelewana.

Mpangaji akahamia. Siku za kwanza alijificha nyuma ya jiwe; baadaye akatoka akaanza kuipiga hita vichwa. Shangazi akasema hiyo ndiyo tabia yake, amepona. Bado sanduku la Shangazi lilikuwa juu ya kabati chumbani kwake. Nilimsikia Bibi asubuhi akimsalimia samaki kwa Kichagga, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mkwe mgumu.

Jumapili moja goti lilimkatalia Bibi kwenda kanisani, jambo ambalo si la kawaida hata kidogo. Akasema atabaki na Mpangaji. Mimi nikaenda na Shangazi. Katikati ya wimbo wa pili kinanda kikanyamaza, umeme umekatika. Waumini wakaendelea bila kinanda. Mimi nikakaa nikitabasamu peke yangu, kwa sababu nilijua kwamba dakika hiyo hiyo nyumbani sampu yangu inafanya mtihani wake, na majibu ninayo.

Baada ya ibada kukawa na mnada wa mavuno, na Shangazi akang'ang'ania mkungu wa ndizi dhidi ya mzee wa kanisa ambaye naye hakutaka kushindwa na mtu wa Tanga. Kinanda kikalia chenyewe; umeme umerudi. Tukashuka nyumbani na mkungu wetu.

Kitu cha kwanza tulichokiona kilikuwa jembe. Cha pili, Bibi, na mabuti ya mvua chini ya kitenge cha Jumapili, akichimba. Alikuwa amechimba mfereji safi kabisa kutoka mlango wa sebule, ukapinda kabla ya migomba, ukapita nyuma ya banda la ng'ombe na kumwagia njiani. Ndani ya mfereji maji yalikuwa yakitembea vizuri.

"Msikanyage hapo!" akapiga kelele. "Ni ya chumvi! Nimeyaonja. Yataniulia migomba."

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Ingia uzime ile mashine yako, inanitukana."

Nikaruka mfereji, nikazima swichi. Maji yalikuwa yakimwagika kutoka tanki la juu kama maziwa yaliyochemka. Nikafungua kabati. Sampu imebaki na maji kidogo chini, mengine yote yamepandishwa juu, na kwenye mdomo wa bomba la kushushia kumekandamizwa kipande cha mgomba, kimezungushiwa majani makavu na kupigwa udongo, kazi ya mtu anayejua.

Habari yote tuliipata kipande kipande. Tulipoondoka, Bibi alifungua kabati, akaiona nduwa iko nusu. Nyumbani kwao nduwa nusu ilikuwa aibu. Ilimaanisha zamu imepita na watu wamelala. Na huyu samaki asipopata maji ya kutosha? Akachota kwenye pipa la maji ya mvua, ndoo baada ya ndoo, na goti lile lile lililoshindwa kwenda kanisani, mpaka ikajaa. Kisha umeme ukakatika, maji yakarudi yakakosa pa kukaa, yakaanza kumwagika. Bibi akafanya kile ambacho mtu wa mlimani hufanya mfongo ukizidi: akakata mgomba, akaziba. Ikafanya kazi. Kisha umeme ukarudi, pampu ikapandisha maji, njia ya kushuka imezibwa. Hapo ndipo alipokwenda kuchukua jembe.

"Nilikuambia haitakiwi kujaa," nikasema.

"Uliniambia ni nduwa."

Nilikuwa nimehoji soksi, kuta, mapovu na Nuhu. Hilo moja sikulihoji, kwa sababu lilinipendeza.

Shangazi hakuwa ameingia ndani. Alikuwa amesimama mlangoni bado na mkungu wa ndizi begani, akiangalia tanki la juu. Lilikuwa na jiwe na hita. Basi.

"Mama," akasema polepole, "Mpangaji yuko wapi?"

Bibi akaweka jembe chini. Akachomoa kiunoni jani refu la kijani lililofungwa fundo, akamnyooshea. Lilikuwa jani la sale. Kwetu, aliyekukosea akija na sale, hata kama ameua ng'ombe wako, unasamehe. Kukataa ni kujitafutia balaa.

"Mzazi hampi mtoto sale," Shangazi akasema.

"Mimi nimekupa. Unakataa?"

Shangazi akautua mkungu, akalipokea kwa mikono miwili. Hapo tu ndipo Bibi alipotuongoza jikoni. Mezani palikuwa na beseni la kuoshea vyombo, limefunikwa kwa kanga. Akafunua. Mpangaji alikuwa ndani, akizunguka, na alipotuona akalipiga beseni kichwa.

"Nilimchota na chujio la chai," Bibi akasema. "Hayo maji ni ya lile dumu. Nilifikiri akiamka na hofu hivi, afadhali aone maji ya kwao."

Shangazi aliketi kwenye kigoda, jani la sale mapajani, akacheka mpaka machozi yakamtoka, au machozi yalitoka kwanza. Sikuwa na nafasi nzuri ya kuona. Alipopata pumzi akanigeukia. "Haya, mwanafunzi wa kipaimara. Umejibiwa?"

"Bado," nikasema. "Huyu alikuwa na safina."

Mpangaji alilala kwenye beseni jikoni, karibu na jiko, huku tukirekebisha maji ya tanki polepole kwa chumvi iliyobaki. Hakuugua. Mimi nikaibadilisha sampu. Nilipaka mstari wa rangi ya kucha kwenye kioo, maji yasipite hapo, na nikatoboa tundu pembeni karibu na ukingo, nikaunga bomba linalopita ukutani mpaka nje, ili siku yakizidi yajue pa kwenda. Pa kwenda alipachagua Bibi, kwa fimbo, baada ya kuizunguka nyumba yote akitafuta mahali ambapo hakuna mgomba wala kahawa. Mfereji wake wa Jumapili aliukataza usifukiwe. Uko mpaka sasa, na wageni wakiuliza anasema ni wa bahari.

Limebaki jambo la sanduku.

Tulipokuwa tukikausha sebule nililikuta sakafuni, limesimama mbele ya tanki, limelowa mpaka juu. Sanduku la Shangazi, lililokuwa juu ya kabati chumbani kwake.

"Nililipandia," Bibi akasema kabla sijafungua mdomo. "Nisingefika juu kumchota samaki."

Nguo zote zilifuliwa kuondoa chumvi, zikaanikwa kati ya migomba, gauni za Tanga za maua makubwa zikipepea juu ya kahawa mpaka majirani wakaja kuuliza kuna sherehe gani. Zilipokauka, sanduku lilikuwa limevimba, limebanduka pembe, zipu imekataa. Shangazi alilijaribu mara kadhaa. Kisha nikasikia mlango wa kabati ukifunguliwa, na hanga zikigongana.

"Chumvi ni kitu kibaya," Bibi akasema sebuleni, akimwangalia Mpangaji. "Inaharibu."

Sebule ya Bibi ina viti sita vya mbao, vizito, vya kimo kizuri, na Jumapili ile ya mfereji vilikuwa vimepangwa karibu na tanki. Nilivihesabu. Nikamtazama Bibi, naye akanitazama, akainua nyusi kungoja swali.

Nikaenda kukamua ng'ombe.